Daktari naye ana akili ya kulinda: mwongozo wa hatua kwa hatua wakati wa janga

Mwanzoni mwa mwaka 2020, Hospitali ya Pili ya Xiangya mjini Changsha, China, iliwaandalia wahudumu wake msaada wa kisaikolojia: mafunzo ya mtandaoni, simu ya ushauri na vikao vya vikundi. UVIKO-19 ulikuwa umepamba moto na wataalamu wa afya ya akili walitaka kuuwahi mzigo kabla haujawaangusha watu. Wahudumu wengi hawakutaka msaada huo. Walikuwa wamegeuka wakali, hawataki kupumzika, dalili za msongo zinaonekana wazi, lakini wakiulizwa wanasema hawana tatizo. Walichohitaji, walisema, ni kupumzika bila kukatizwa na vifaa kinga vya kutosha. Hospitali ikabadili mpango. Ikatafuta mahali pa kupumzikia, ikahakikisha chakula kipo, ikawasaidia kurekodi video za kuwatuliza jamaa zao, ikawafundisha namna ya kuwakabili wagonjwa wenye hofu na hasira. Washauri nao wakawa wanapita kwenye eneo la mapumziko kusikiliza tu mtu anachotaka kusema.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo: kwanza mwili na kazi, kisha wenzako, kisha mtaalamu. Ukiugeuza, utaishia kumfundisha daktari kuvuta pumzi taratibu huku hana barakoa. Umeandikwa kwa daktari aliye wodini, na pia kwa yule anayempangia zamu, kwa sababu nusu ya mambo yaliyomo humu daktari peke yake hawezi kuyatekeleza hata akiwa na moyo wa chuma.

Hatua ya kwanza: Dai vitu kabla ya maneno ya faraja

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 huenda walifariki kwa UVIKO-19 kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Kwa hiyo daktari anayeogopa kuambukizwa hana kasoro ya akili, anaona sawasawa. Hofu ya namna hiyo hupunguzwa na barakoa inayokaa vizuri usoni, hewa inayopita wodini, mafunzo ya kuvaa na kuvua, na chanjo ikishapatikana.

Keti na wenzako muandike orodha fupi ya vitu na mumpelekee mkuu wa idara kwa maandishi: vifaa kinga vya zamu nzima, mahali safi pa kubadilishia nguo, maji ya kunywa nje tu ya mlango wa wodi, chakula cha moto usiku, choo kilicho karibu, usafiri wa kurudi nyumbani. Choo na maji vinaonekana vidogo hadi umevaa vazi kamili. Ukiwa ndani yake huwezi kunywa wala kwenda haja, na wapo madaktari wanaojinyima maji tangu asubuhi ili wasilazimike kuvua katikati ya zamu. Ikifika jioni kichwa kinagonga, anamfokea muuguzi, anasahau dozi, kisha anajiona ameishiwa roho ya kazi. Huyo anahitaji glasi mbili za maji na mtu wa kumpokea kila baada ya saa chache. Mpangaji wa zamu, weka jina la mpokezi kwenye ratiba. Mapumziko yasiyo na mpokezi hayachukuliwi na mtu.

Makofi ya kwenye madirisha na roshani yaliyopigwa kila jioni katika miji mingi mwaka 2020 yalikuwa ya upendo, na wengi waliyathamini. Lakini ukipewa nafasi ya kuzungumza na wakubwa, zungumzia glavu.

Hatua ya pili: Lala kwa mpango

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu dereva kukifikia. Usiku wa kuamkia zamu, usingizi ni sehemu ya matibabu utakayotoa kesho.

Zamu ya usiku ikiruhusu, sinzia dakika 20 kabla ya alfajiri. Ukipita nusu saa unaweza kuzama kwenye usingizi mzito na ukaamka umechanganyikiwa, jambo baya zaidi kama simu ya dharura ndiyo imekuamsha. Kahawa inywe mwanzoni mwa zamu. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa 5 hivi, hivyo kikombe cha kumalizia zamu ndicho kitakachokufanya ukodolee macho dari ukiwa kitandani. Usiendeshe gari ukiwa unasinzia. Lala kwanza hospitalini. Nyumbani funga mapazia, zima simu, na waeleze watu wa nyumbani kwamba kulala mchana kwako si kukaa bure.

Kwa wanaopanga: wazungushe watu kati ya wodi ya janga na wodi zenye shinikizo dogo, na asiye na uzoefu afuatane na mzoefu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri huo tangu Machi 2020. Mahali penye upungufu mkubwa wa madaktari itakuwa vigumu, najua, lakini hata siku mbili za kliniki ya kawaida ndani ya wiki mbili humrudishia mtu pumzi.

Hatua ya tatu: Chagua mwenza

Katika milipuko ya ebola, hakuna anayeingia wodini peke yake. Kuna mwenza anayekutazama unavyovaa, anayekagua kama ngozi imebaki wazi shingoni, na anayekusimamia wakati wa kuvua, kwa kuwa hapo ndipo mtu huchoka na kujigusa uso. Chukua utaratibu huo na uuongezee kazi ya pili: mwenza anayekagua gauni akague na moyo.

Mwenza awe wa cheo kinachokaribiana na chako. Daktari aliye mafunzoni hatamwambia bingwa wake kwamba jana alilia kwenye gari. Kubalianeni kuulizana kila zamu, dakika mbili tu, na maswali yawe ya vitu vinavyojibika:

"Dokta, umelala saa ngapi?"
"Tatu."
"Umekula?"
"Nimekunywa chai."
"Kuna kitu cha jana bado kinakurudia?"
"Yule mama wa kitanda cha nane."
"Nieleze tukishatoka. Sasa hivi kula kwanza, nakushikia wodi."

Kuuliza "uko poa?" hakusaidii, maana jibu lake linajulikana. Kubalianeni pia mapema juu ya ruhusa moja: mwenza akikwambia "leo toka wodini", unatoka, na mabishano yatafanyika kesho. Mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka.

Hatua ya nne: Usibebe peke yako uamuzi wa nani apate mashine

Hapa ndipo madaktari wengi huumia kwa namna ambayo likizo haiponyi. Mgonjwa anafariki, na unajua kwamba kwa siku za kawaida angepata kitanda, oksijeni au mashine ya kupumulia, na ni wewe uliyesema "hapana". Wanaowashughulikia askari waliorudi vitani huliita jambo hili jeraha la dhamiri: mtu amefanya, au ameshuhudia, au ameshindwa kuzuia kitu kinachopingana na kile anachokiamini. Halifanani na woga, wala halifanani na uchovu. Linakuja na aibu na hasira, na humfanya mtu akwepe hata wale wanaompenda.

Kinga yake hujengwa kabla ya wimbi. Hospitali iunde kamati ndogo ya watu wasiomhudumia mgonjwa husika: daktari mzoefu wa wagonjwa mahututi, muuguzi, na mtu mwenye uelewa wa maadili ya tiba. Kamati iwe na vigezo vilivyoandikwa, na uamuzi wa kugawa mashine utoke kwao. Daktari aliye kitandani abaki mtetezi wa mgonjwa wake, asigeuzwe hakimu. Machi 2020, vyumba vya wagonjwa mahututi vya kaskazini mwa Italia vilipofurika, chama cha madaktari wa usingizi na wagonjwa mahututi cha nchi hiyo kilitoa mwongozo wa namna ya kuchagua. Ulizua mjadala mkali, na ulistahili mjadala. Hata hivyo moja ya malengo yake yaliyotajwa waziwazi ilikuwa kumpunguzia daktari mmoja mmoja mzigo wa kuamua akiwa peke yake.

Kama hospitali yako haina kamati, msiache uamuzi kwa mtu mmoja hata usiku wa manane. Mpigie simu mwenzako mmoja, mjadiliane, na muandike kwenye faili majina mawili na sababu. Mistari mitatu inatosha. Baada ya miezi, dhamiri inapoanza kukuhoji, maandishi hayo yatakukumbusha hali halisi ya usiku ule: vitanda vilikuwa vingapi, oksijeni ilikuwa kiasi gani, nani mwingine alikubaliana nawe. Kumbukumbu peke yake hupenda kukuongezea mashine ambayo haikuwepo.

Kiongozi wa idara, ukishindwa kutoa kitu, sema ukweli. Daktari huvumilia kusikia "hatuna" kuliko kusikia "mnatumia vibaya" wakati kabati ni tupu.

Hatua ya tano: Vifo vinapofuatana

Kwa siku za kawaida daktari hupata nafasi kati ya kifo na kifo. Wakati wa janga nafasi hiyo haipo, na jamaa hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo wewe ndiye unayeshika simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki karibu na sikio la mgonjwa huku mwanawe anaaga kutoka upande wa pili. Unasikia kila neno. Kisha unaifuta simu kwa dawa na kumwendea mgonjwa mwingine.

Fanyeni mambo mawili. La kwanza, baada ya kila kifo simameni pale kitandani kwa nusu dakika, kimya, wote mliomhudumia. Mtu mmoja ataje jina la marehemu na kushukuru waliojitahidi. Utaratibu wa namna hii ulianzishwa na muuguzi mmoja wa idara ya dharura nchini Marekani, ukasambaa kwa sababu hauhitaji bajeti wala dini fulani. Nusu dakika haiwezi kuchelewesha dharura yoyote ambayo haikuwa imeshachelewa.

La pili, kazi ya kupiga simu za msiba izungushwe. Mara nyingi huangukia kwa mtu mmoja "anayejua kuongea na watu", naye huongea mpaka anakauka. Wekeni kikomo cha simu hizo kwa kila zamu. Anayepiga akae, asipige akitembea, aanze kwa kuuliza aliye upande wa pili kama ameketi na kama yuko na mtu, aseme "amefariki", si maneno ya kuzungukazunguka, kisha anyamaze. Akimaliza, asishike kazi nyingine kwa dakika tano.

Tahadhari moja. Baada ya tukio zito, baadhi ya taasisi huwaita wote waliohusika kwenye kikao kimoja na kuwalazimisha waeleze walichokiona na walivyojisikia. Nia ni njema, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo; ushahidi hauonyeshi kwamba vinazuia madhara ya baadaye, na vinaweza kumuumiza mtu. Kikao kifupi cha hiari mwisho wa zamu, cha kuzungumzia kazi ilivyokwenda na nani anahitaji nini, ni jambo jingine na kinafaa. Asiyetaka kusema aachwe. Mletee maji, kaa karibu naye, muulize anataka kupigiwa nani simu.

Hatua ya sita: Mstari kati ya wodi na nyumbani

Amueni nyumbani kabla hujaanza zamu, siyo ukiwa mlangoni umechoka na mtoto anakimbia kukukumbatia: viatu vinabaki wapi, unaoga wapi, nguo zinafuliwaje, utalala chumba gani ukianza kukohoa, watoto wataenda kwa nani ukilazwa. Yaandikeni. Daktari anayeujua mpango huo huwa ameshatua sehemu ya mzigo aliokuwa akiuzungusha kichwani usiku.

Kabla ya kutoka hospitalini, vaa nguo zako, osha uso mahali barakoa ilipokwaruza daraja la pua, kisha jiulize nini kilikuwa kigumu leo na nini kilikwenda vizuri. Kipo kila siku. Hata mgonjwa mmoja aliyeondolewa oksijeni kwa kuwa amepata nafuu. Mtazame mwenza wako kabla hamjaachana. Halafu ondoka.

Ukilazimika kuishi mbali na familia, panga saa maalumu ya simu, hata kama ni dakika kumi. Waambie unachotaka kuzungumza na usichotaka. Mtoto wa miaka sita anatosheka na ukweli mfupi: "Ninawatibu watu, nimevaa kinga, nitarudi kazi ikiisha." Usimwahidi tarehe usiyoijua.

Taarifa za janga soma mara moja au mbili kwa siku, kutoka wizara ya afya au Shirika la Afya Duniani. Makundi ya simu ya madaktari yanyamazishe usiku.

Na ujiandae kwa watu watakaokukimbia. Mwaka 2020 nchini India wapo madaktari waliotakiwa na wenye nyumba kuhama, na Mexico wahudumu wa afya walishambuliwa barabarani kwa kudhaniwa wanaeneza virusi. Likikupata, liripoti kwa uongozi kama tukio la kazini, maana ndilo. Usilimeze kimyakimya.

Hatua ya saba: Jipime kama unavyompima mgonjwa

Kukosa usingizi siku mbili tatu, kuwa na hasira, kulia baada ya zamu mbaya: hayo ni majibu ya kawaida kwa hali isiyo ya kawaida. Tazama muda na mwelekeo. Yakiendelea wiki mbili bila kupungua, au yakizidi, usiyasubiri.

Uchovu sugu wa kazi, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, una sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuidharau, na kujiona huna tija. Sura ya pili ndiyo inayotupita bila kuonekana. Utaijua pale unapomtaja mgonjwa kwa namba ya kitanda hata ukiwa na jina lake mkononi, unapocheka mambo yasiyochekesha, unapokasirika kwa kuwa kuna mgonjwa mpya amefika.

Kila baada ya wiki mbili jaza PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona. Lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, panga kumwona mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo. Mpigie mwenza, mwambie kwa maneno ya wazi, usikae peke yako, mkabidhi mtu mwingine funguo za kabati la dawa, na mwende pamoja kwa daktari wa akili au idara ya dharura. Wewe ukiwa ndiye mwenza uliyepigiwa, nenda. Usimpe ushauri kwa simu ukamwacha.

Hatua ya nane: Mganga hajigangi

Madaktari ni wagonjwa wabaya. Tunajiandikia dawa za usingizi, tunaulizana korido kwa sauti ya utani, tunakunywa kidogo ili tulale kisha kidogo kinaongezeka. Acha kujiandikia dawa za akili na za usingizi, kabisa. Tafuta daktari wako, ikiwezekana nje ya hospitali unayofanyia kazi, na ukifika usijitambulishe kwa cheo kwanza. Anza na dalili.

Kinachowazuia wengi ni leseni. Dkt. Lorna Breen, daktari wa dharura wa New York, alijiua Aprili 2020 baada ya wiki za kuhudumia wagonjwa wa UVIKO-19, na familia yake ilieleza kwamba aliogopa kutafuta tiba ya akili kungemgharimu kazi. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kugharimia mipango ya kulinda afya ya akili ya wahudumu. Kwako, soma fomu ya leseni yako inauliza nini hasa kabla ya kujihukumu. Fomu ikiuliza kama umewahi kutibiwa maradhi ya akili maishani, hilo ni jambo la chama cha madaktari kulipigania: swali la haki ni kama kuna hali inayokuzuia kufanya kazi salama sasa.

Kama hujui pa kuanzia kusema, mwambie mkuu wako hivi: "Dokta, sifanyi kazi kwa usalama. Naomba nitoke kwenye ratiba kuanzia kesho, na nimeshapanga kumwona daktari." Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Hatua ya tisa: Wimbi likipita

Hapa ndipo wengi huanguka, na ndipo bajeti ya msaada hukatwa. Baada ya mlipuko wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya korona, mwaka 2003, watafiti nchini Kanada waliwalinganisha wahudumu wa hospitali za Toronto zilizotibu ugonjwa huo na wa Hamilton ambako haukutibiwa. Mwaka mmoja hadi miwili baadaye, waliokuwa na uchovu sugu wa kazi walikuwa asilimia 30 Toronto dhidi ya 19 Hamilton. Wa Toronto pia walikuwa wamepunguza zaidi saa za kazi na kukaa na wagonjwa. Waliojiona wamefundishwa na kusaidiwa vya kutosha hawakuathirika sana kama wengine.

Kwa hiyo huduma ya ushauri isifungwe pamoja na wodi ya janga. Ibaki wazi kwa angalau miaka miwili. Rudia PHQ-9 baada ya miezi mitatu, sita na kumi na mbili. Endelea na mwenza wako, hata kwa simu moja kwa mwezi. Ratiba ya kwanza itakayotolewa baada ya wimbi iwe na likizo ya kila mtu tayari imeandikwa kwa tarehe, kuanzia na waliokaa muda mrefu zaidi kwa wagonjwa mahututi. Anayesema yeye haihitaji, apangiwe wiki ya kwanza.